Mwenye Pumu Ajiandae Nyasi Zikiwa Bado Mbichi

Anayeishi Tabora, Katavi, Ruvuma au Lindi haulizi kiangazi kimefika wapi. Mwezi huchomoza mwekundu, vipande vyeusi vya majani yaliyoungua hudondokea nguo zilizoanikwa, na jioni jua hupotea kabla halijazama, limemezwa na utando wa kahawia uliotanda juu ya pori. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika mambo ni yaleyale, kuteremka hadi Kolwezi na Lubumbashi, kwa kuwa pori la miombo halijui mpaka na huungua katika miezi ileile ya ukavu. Zaidi ya nusu ya ardhi yote inayoungua duniani kila mwaka iko Afrika. Watu wa misitu huuita moto huo moto kichaa, ingawa anayeuwasha mara nyingi ana akili zake timamu: mkulima anayechoma mabiwi, mfugaji anayetaka majani mapya yachipue, mwindaji, mrina asali aliyeacha mwenge ukifuka, mchoma mkaa aliyepitiwa na usingizi.

Kwa wengi moshi huo ni kero ya macho na koo, basi. Kwa mwenye pumu ni jambo jingine kabisa, na ushauri anaopewa kila siku, "epuka moshi", haumfikishi popote. Moshi wa pori husafiri mamia ya kilomita. Ataukimbilia wapi, na shamba lake, watoto wake na kazi yake viko palepale? Anachokiweza ni kuupokea msimu huo akiwa na kifua kilichotulia. Kazi hiyo hufanywa Aprili na Mei, nyasi zikiwa bado mbichi. Agosti, saa nane za usiku, mtu ameketi wima kitandani akiitafuta pumzi, huwa tumeshachelewa kuianza.

Tuanze na kifua chenyewe. Pumu ni ugonjwa wa mirija ya hewa iliyovimba kwa ndani. Hata siku ambayo mgonjwa anacheka na kula vizuri, uvimbe huo unaweza kuwapo, mdogo, usiojitangaza. Mirija ya namna hiyo ni myepesi kuchokozeka: ikiguswa na vumbi, baridi, mafua, manukato makali au moshi, misuli inayoizunguka hujikaza, ute huongezeka, na njia inayobaki huwa nyembamba. Hewa huingia kwa shida na hutoka kwa shida zaidi, ndiyo maana mluzi wa kifuani husikika hasa mtu anapotoa pumzi.

Moshi wa nyasi na miti hubeba gesi zinazowasha, lakini mkosaji mkuu ni chembechembe zenye upana usiozidi maikromita 2.5. Unywele mmoja wa kichwani ni mnene takribani mara thelathini kuliko chembe hizo. Vinyweleo vya pua havizizuii na ute wa koo haunasi zote. Zinateremka hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, linashauri wastani wake kwa saa 24 usizidi maikrogramu 15 katika mita moja ya ujazo ya hewa. Karibu na pori linaloungua, kiwango hicho hupitwa bila jasho.

Mwaka 2023 misitu ya Kanada iliungua kuliko mwaka mwingine wowote uliowekwa kwenye kumbukumbu za nchi hiyo, na mwezi Juni moshi wake uliligeuza anga la New York kuwa rangi ya chungwa. Wataalamu wa Marekani walipohesabu wagonjwa waliofika kwenye vitengo vya dharura kati ya mwisho wa Aprili na mwanzo wa Agosti, waliona kwamba siku za moshi wenye pumu walizidi idadi iliyotarajiwa kwa asilimia 17. Na hao ni watu wa nyumba zenye viyoyozi na madirisha yanayofunga barabara.

Kuna jambo linalowapoteza wengi hapa. Pumu haina lazima ya kuamka siku ileile ya moshi. Mtu anaweza kupita kwenye moshi Jumamosi, akabanwa Jumatatu, akawasingizia samaki wa Jumapili. Ndiyo sababu nashauri mgonjwa aweke daftari dogo: leo kulikuwa na moshi au hapana, usiku nilikohoa au hapana, nilitumia dawa ya kufungua mara ngapi. Mwezi mmoja wa daftari hilo humwambia daktari mengi kuliko maelezo marefu ya mdomo.

Sasa dawa, ambako ndiko kwenye uzito wote. Dawa za kuvuta, ambazo watu huziita inhela au pampu, ni za aina mbili. Moja ni ya kufungua: salbutamol, aghalabu katika kifaa cha bluu. Huilegeza misuli ndani ya dakika chache na nafuu yake hudumu saa nne hadi sita. Nyingine ni ya kuzuia: beklometasoni, budesonidi na ndugu zao, mara nyingi katika kifaa cha kahawia. Hii haikifungui kifua kilichokwisha kubana, na ndiyo maana wengi huijaribu usiku mmoja, wakaona "haifanyi kazi", wakaitupa drooni. Kazi yake ni kuushusha uvimbe. Mabadiliko huanza kuonekana baada ya siku kadhaa, nguvu kamili huja baada ya wiki kadhaa, na humsaidia tu anayeivuta kila siku, aumwe asiumwe. Hesabu ni rahisi. Ukingoja moshi wa Julai ndipo uianze, itakushika mkono Agosti, ukiwa umeshabanwa wiki kadhaa.

Kwa hiyo nenda kliniki masika yakielekea ukingoni, na useme wazi: kila kiangazi hunibana, nataka dawa ya kuzuia kabla hakijafika. Sema hivyo hata kama siku hiyo kifua chako ni safi, kwa maana mhudumu asiposikia mluzi anaweza kukurudisha nyumbani. Zahanati ya kijiji ikiwa haina dawa hiyo, na mara nyingi haina, uliza kituo cha afya au hospitali ya wilaya, ulinganishe pia bei katika maduka ya dawa ya mjini siku ya safari nyingine. Tangu mwaka 2019, GINA, taasisi ya kimataifa inayotoa miongozo ya pumu, haishauri tena mtu mzima wala kijana atibiwe kwa salbutamol peke yake. Kipo pia kifaa chenye budesonidi na formoteroli pamoja, ambacho huzuia na kufungua kwa wakati mmoja. Kimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kama mfuko unaruhusu, muulize daktari habari zake.

Wapo wanaosita wakisikia kwamba dawa ya kuzuia ni steroidi. Hofu hiyo naielewa, lakini imelenga pasipo. Dozi ya kawaida ya kuvuta kwa mtu mzima ni maikrogramu 200 hadi 400 kwa siku. Kidonge kimoja kidogo cha prednisoloni cha miligramu 5 kina maikrogramu 5,000, na anayebanwa sana hupewa vidonge kama vinane kwa siku, siku tano mfululizo. Anayeikwepa inhela kwa kuogopa steroidi huishia kuzimeza kwa wingi ambao asingeuota. Baada ya kuvuta, sukutua mdomo na uteme maji. Hivyo utando mweupe hautaota kwenye ulimi. Na yule anayeambiwa na jirani kwamba inhela "itamzoesha", asilale na wasiwasi. Hailevyi. Kinachomfanya mtu aihitaji kila mara ni uvimbe usiotibiwa.

Kinachopaswa kukutia hofu ni kasi ya kuimaliza ile ya bluu. Kopo moja la salbutamol kwa kawaida lina mipulizo 200. Mtu anayemaliza makopo matatu au zaidi kwa mwaka yumo hatarini kubanwa vibaya. Anayemaliza moja kila mwezi, hatari yake ni ya kifo. Makopo matatu ni mipulizo 600, chini ya miwili kwa siku. Wengi wanaosema "mimi pumu yangu naimudu" wamekwisha kuuvuka mstari huo. Andika juu ya kopo tarehe uliyolifungua, kwa sababu mengi hayana namba ya kuhesabia, na kulitikisa hakukuambii chochote: gesi hubaki ikitoka hata dawa ikiwa imekwisha.

Vipo pia vidonge vya salbutamol, rahisi, vinavyopatikana kila duka. Vinachelewa kufanya kazi, vinatetemesha mikono na kuuendesha moyo mbio, na havigusi uvimbe. Usiviweke kama ngao yako ya kiangazi.

Hata dawa nzuri hupotea njiani. Anayebonyeza inhela moja kwa moja mdomoni, hasa mtoto au mtu aliyebanwa, sehemu kubwa ya dawa humgonga kooni na kuishia hapo. Ndiyo maana kinatakiwa chombo cha kati, spesa, kinachoipa dawa nafasi ya kutulia kabla haijavutwa. Cha dukani ni ghali na hakipatikani kila mahali. Lakini mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walichapisha katika jarida la Lancet utafiti ulioonyesha kwamba kwa watoto waliobanwa, chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa na kuzibwa vizuri ilifanya kazi sawa na chombo cha dukani. Habari hiyo, kwa maoni yangu, ingepaswa kubandikwa kwenye ukuta wa kila zahanati.

Chukua chupa ya maji ya nusu lita, ioshe kwa maji yenye sabuni, uiache ichuruzike na kukauka yenyewe bila kuifuta ndani; utando mwembamba wa sabuni huizuia dawa isigande kwenye plastiki. Suuza mdomo wake tu. Kunja waya ufuate umbo la mdomo wa inhela, upashe moto hadi uwake, uuchome kitako cha chupa upate tundu linaloibana inhela sawasawa. Pakibaki mwanya, ziba kwa gundi au plasta. Kabla ya matumizi ya kwanza, pulizia ndani mara kadhaa. Kisha mgonjwa huuziba mdomo wa chupa kwa midomo yake, unatikisa inhela na kubonyeza mara moja, naye anavuta na kutoa pumzi taratibu mara nne hadi sita. Mpulizo wa pili huja baada ya hapo, kamwe si pamoja na wa kwanza. Mtoto mdogo asiyeweza kushika chupa kwa midomo anahitaji chombo chenye kifuniko cha uso, na hicho lazima kitafutwe hospitali.

Nyumbani, jambo la kujifunza kwanza ni saa. Usiku wa kiangazi anga halina mawingu, ardhi hupoa upesi, na hewa baridi hulala chini huku hewa yenye joto ikikaa juu yake kama kifuniko cha sufuria. Moshi wa mchana kutwa hunaswa humo, na mabondeni hunaswa zaidi. Pumu nayo, kwa tabia yake, hubana zaidi usiku wa manane na alfajiri. Hivyo mambo mawili mabaya hukutana saa ambayo hakuna gari wala zahanati iliyo wazi. Sisi tumezoea kufungua madirisha jioni tupate ubaridi. Katika miezi ya moshi, mwenye pumu ageuze desturi hiyo: madirisha yafungwe kabla ya magharibi, yafunguliwe kuanzia saa nne au saa tano asubuhi, jua likishaichanganya hewa na moshi ukapaa. Isipokuwa moto uko jirani. Hapo alasiri ndiyo ya kuogopa, kwa sababu upepo na joto huukoleza.

Najua nyumba nyingi hazifungiki. Kuna uwazi kati ya ukuta na bati au makuti, nao umewekwa kwa sababu nzuri ya kutoa joto na moshi wa jikoni. Usihangaike kuiziba nyumba nzima. Teua chumba kimoja, kilicho mbali na jiko na kisichopokea upepo unaotoka porini, uzibe uwazi wake kwa turubai au viroba, uweke pazia zito mlangoni, na mgonjwa alale humo. Sakafu inyunyizwe maji kabla ya kufagiwa, majivu yasipepee.

Lakini chumba ulichokiziba kisiingizwe jiko la mkaa hata dakika moja, hata kama ni Julai ya Njombe na meno yanagongana. Mkaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na kila msimu wa baridi watu hulala nayo wasiamke. Mwenye pumu na asiye na pumu, hiyo haichagui.

Ukishaziba moshi wa nje, angalia ule unaouwasha mwenyewe. Dawa ya mbu ya kuchoma, ile ya duara, inaweza kutoa chembechembe laini sawa na sigara 75 hadi 137 kwa duara moja. Ipo chini ya kitanda cha mtoto mwenye pumu katika nyumba nyingi tu. Chandarua kinamtosha. Udi na ubani, kwa wenzangu wa pwani, subirini Novemba, au fukizeni chumba ambacho mgonjwa halali. Kama jiko la kuni liko ndani, lihamishie nje katika miezi hii, na asiyebanwa ndiye awe wa kupuliza moto. Natambua kwamba katika nyumba nyingi mwenye pumu ndiye huyo huyo mama mpishi. Hapo wanaume na vijana wa nyumba wana la kufanya.

Barakoa ina maana ikiwa ni ya aina inayokamata uso pande zote, zile zinazoandikwa N95 au FFP2. Hizo huchuja chembechembe laini, mradi mikanda yote miwili imefungwa, waya wa puani umebanwa, na hakuna ndevu zinazoinua ukingo wake. Barakoa ya kawaida ya hospitali huacha mianya mashavuni, na moshi hupita humo; ni afadhali kuliko kanga, kwa kadiri fulani. Kanga au kitambaa kilicholowa maji huzuia majivu yanayoonekana kwa macho, ambayo si yanayoumiza mapafu. Na mtu akivaa barakoa nzuri akaona pumzi inakuwa nzito, aivue na aondoke mahali hapo.

Kuhusu maziwa: watu hunywa maziwa "kuosha moshi". Maziwa huenda tumboni. Ni chakula kizuri, yanywe kwa ajili hiyo. Kujifukiza ndilo ninaloliogopa, maana tangu korona ya mwaka 2020 limekuwa jibu la kila kifua. Mvuke wa moto unaweza kuichokoza mirija iliyokwisha kuvimba, majani yenye harufu kali hali kadhalika, na sufuria la maji yanayochemka chini ya blanketi na mtoto limeshaunguza wengi.

Shuleni kuna mchakamchaka. Alfajiri, moshi ukiwa bado umelala chini, watoto hukimbia wakiimba, wakivuta hewa mara nyingi zaidi ya aliyekaa darasani. Mzazi wa mtoto mwenye pumu amwone mwalimu mkuu mwezi Mei, asingoje mtoto aanguke. Amwombe siku za moshi mtoto asamehewe kukimbia na kufagia uwanja, bila kuchekwa wala kuchapwa kwa uvivu. Amwombe pia inhela ikae na mtoto au na mwalimu wa darasa. Nimesikia ya inhela kufungiwa kabatini ofisini "kwa usalama", na mwenye ufunguo yuko benki. Dawa ya kufungua kifua ikae umbali wa mkono.

Mkulima mwenye pumu asiwe yeye wa kuchoma mabiwi yake. Abadilishane kazi na jirani: yeye apalilie, jirani achome. Bora zaidi, majani yasichomwe. Yalazwe kati ya matuta yaoze na kushika unyevu. Pale ambapo lazima pori lichomwe, uchomaji wa mapema, Mei na Juni, majani yakiwa hayajakauka kabisa, hutoa moto mdogo unaozuilika na hupunguza kile kitakachoungua Septemba. Hilo ni la mkutano wa kijiji, na vijiji vingi vina sheria ndogo juu yake. Mwenye pumu anayo haki ya kusimama pale na kuomba aambiwe siku ya kuchoma mapema, ili siku hiyo aende kwa shangazi yake wa kijiji cha upepo mwingine. Moto ukishakuwa kichaa, kwa Tanzania namba ya Zimamoto ni 114.

Msomaji aliyeko Kanada au magharibi mwa Marekani ana vyombo zaidi, avitumie. Kielelezo cha Marekani cha ubora wa hewa kikipita 100, hewa si salama kwa mwenye pumu, hata kama majirani wanafanya mazoezi nje. Kiyoyozi kiwekwe kizungushe hewa ya ndani, gari vilevile, na chujio la nyumba libadilishwe kabla ya msimu kwa lile linalonasa chembe laini. Wageni wengi huko huishi nyumba za kupanga; chujio ni jambo la kumwandikia mwenye nyumba, kwa maandishi.

Mjamzito mwenye pumu asiache inhela zake. Mama akikosa hewa mtoto naye hukosa, na dawa za kuvuta ni hatari ndogo kuliko hiyo kwa mbali.

Pamoja na hayo yote, usiku wa kubanwa unaweza kuja. Mketishe mgonjwa wima, ameegemea mbele kidogo, nguo za shingoni zikiwa zimelegezwa, asilazwe. Mpe salbutamol kwa chupa, mipulizo minne hadi kumi, mmoja mmoja kama nilivyoeleza. Akipata nafuu inayodumu, vizuri, naye aende kliniki kesho yake. Nafuu isipokuja, au ikija na kuondoka, safari ya hospitali ianze, na mipulizo irudiwe kila dakika 20 njiani. Usimngoje kabisa mtu asiyeweza kumaliza sentensi kwa pumzi moja, ambaye mbavu na shimo la koo vinadidimia anapovuta hewa, midomo imebadilika rangi, au ameanza kusinzia na kuchanganyikiwa. Na kifua kilichokuwa kikipiga mluzi kikinyamaza ghafla huku mtu bado anahangaika, hewa imekoma kupita. Hiyo ni hatari kubwa kuliko mluzi wenyewe. Jirani atasema "sasa ametulia". Msimsikilize.

Kwa hiyo usafiri upangwe mchana, wiki zile zile za Mei. Namba ya dereva wa bodaboda anayepokea simu usiku, namba ya mwenye gari, nauli iliyowekwa pembeni, na mtu wa pili wa kukaa nyuma amshike mgonjwa. Hayo yaandikwe kwenye karatasi moja pamoja na majina ya dawa zake na dozi, ibandikwe mlangoni, ili hata binti wa kazi aliyefika wiki iliyopita ajue la kufanya.

Ukitoka hospitali, usidhani yamekwisha kwa kuwa unapumua. Siku na wiki zinazofuata ndizo ambazo pumu hurudi kwa urahisi, hivyo prednisoloni imezwe hadi siku ya mwisho iliyoandikwa, dawa ya kuzuia iendelee, na urudi kuonwa ndani ya wiki moja. Mvua za kwanza zikiosha anga, usiiache dawa siku hiyo. Kifua kikishakaa miezi mitatu bila kukuamsha usiku, daktari anaweza kuanza kuipunguza dozi kidogo kidogo, na daftari lako ndilo litakalomwonyesha kama wakati umefika.